Hilux imepanda, tairi bado linakula: kuondoa mkwaruzo hatua kwa hatua

Ukinyanyua pikapu inchi mbili, nafasi unayoiona kati ya tairi na madigadi gari likiwa limesimama siyo nafasi ambayo tairi linaitumia likiwa kazini. Lift (vifaa vya kunyanyulia gari) inapandisha chasisi na bodi wakati gari limetulia. Ukiangukia shimo, springi inabanwa, mkono wa chini (chuma kinachoshikilia gurudumu kwenye chasisi) unapanda mpaka ugonge bampustopa (ule mpira mfupi wa kizuizi), na hapo tairi linaingia ndani ya madigadi kina kilekile ambacho lingeingia kabla hujanyanyua chochote. Ukikata usukani hadi mwisho, kona ya nyuma ya tairi la mbele inafuata bati la chini ya mlango, na bati hilo liko nyuma ya tairi, haliko juu yake. Urefu wa gari haulisogezi.

Ndiyo maana mtu anafunga lift, anavaa matairi makubwa, anatoka gereji ameridhika, halafu anaporudi rivasi kwenye maegesho ya kwanza anasikia tairi linakwaruza.

Hapa nafuata Toyota Hilux yenye springi za koili mbele, yaani Vigo iliyoanza mwaka 2004 na Revo iliyotoka mwaka 2015, kwa sababu ndiyo inayonyanyuliwa sana kwetu, kuanzia magari ya miradi hadi ya wapenda safari. Ford Ranger na Isuzu D-Max za miaka ya karibuni zina mpangilio unaofanana mbele: mkono wa juu, mkono wa chini, na shokapu iliyovaa koili katikati. Utaratibu ni uleule.

Hesabu kabla ya spana

Soma maandishi ya ubavuni mwa tairi lililokuja na gari. Hilux nyingi za rimu 17 zilitoka na 265/65R17. Upana ni mm 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 17, sawa na mm 431.8. Kipenyo chake ni kama mm 776. Ukivaa 265/70R17 unapata mm 803. Ukivaa 285/70R17 unapata mm 831.

Kinachogusa bati ni nusu ya ongezeko hilo, kwa kuwa gurudumu linazunguka kwenye habu yake, yaani kitovu linapofungwa. 265/70R17 inasogea mm 13 tu kuelekea ukutani, wakati 285/70R17 inasogea mm 27 na juu yake inaongeza mm 10 za upana kila upande. Kwa maoni yangu, kazi nyingi za Hilux zinaishia vizuri kwenye 265/70R17. Tairi hilo mara nyingi linakaa kwa alaimenti nzuri (kupanga pembe za magurudumu) na kupunguza plastiki kidogo. Ukitaka 285, jiandae kwa nyundo, na huenda grinda. Wapo wanaoambiwa dukani kwamba "inakaa bila kugusa", na inakaa kweli, alimradi gari halijakata kona likiwa na mzigo.

Hesabu ya pili ni ya rimu. Nyuma ya rimu kumepigwa muhuri wa herufi ET na namba. Hiyo ni ofseti: umbali kati ya uso unaofungwa kwenye habu na mstari wa katikati ya rimu. Rimu nyingi za kiwandani za Hilux hii ni ET30. Ukinunua rimu za ET0, mstari wa katikati wa tairi umetoka nje mm 30 nzima. Gari linasimama kwa mapana, linapendeza, lakini tairi sasa linachora duara kubwa zaidi unapokata usukani. Kona yake ya mbele inafuata bampa, ya nyuma inafuata bati la kebini. Mara nyingi mkwaruzo unaolaumiwa kwa tairi umeletwa na rimu.

Jambo jingine: namba za ubavuni ni za makadirio. Matairi mawili yaliyoandikwa 285/70R17 ya kampuni tofauti yanaweza kupishana milimita kadhaa, na tairi la matope lenye meno yaliyopanda hadi mabegani linagusa mapema kuliko la barabara mchanganyiko la saizi hiyohiyo.

Tafuta mahali panapogusa

Usikubali fundi ashike grinda kabla ya hatua hii. Mtu akikuambia "tairi linakula mbele", hajakuambia kitu. Lazima ujue ni upande gani, kona ipi ya tairi, linagusa nini, usukani ukiwa wapi, na springi ikiwa imebanwa au imelegea.

Osha ndani ya madigadi ya mbele, pakauke. Washa tochi utafute alama: plastiki iliyong'aa, rangi iliyolika, mstari mweusi wa mpira, kichwa cha skrubu kilichokwanguliwa. Kisha paka chaki nene kwenye mabega ya matairi ya mbele, ndani na nje, na ufanye majaribio matatu.

La kwanza, uwanja tambarare. Kata usukani hadi mwisho kulia, enda mbele pole, simama, rudi rivasi. Rudia kushoto. Rivasi haina mbadala, kwa sababu unapoanza kurudi nguvu inasukuma magurudumu upande mwingine, bushi (mipira ya maungio) zinajikunja kidogo, na tairi linasogea milimita chache ambazo hukuziona ukienda mbele.

La pili, panda tuta au kingo ya mtaro kwa mshazari, ili gurudumu moja la mbele libanwe juu na lenzake lining'inie. Msaidizi asimame pembeni kwa umbali salama, kamwe asiwe mbele wala nyuma ya gari, wewe ukikata usukani polepole. Kisha geuza gari, ubane upande wa pili.

La tatu linafanywa gereji, na ndilo linalomaliza ubishi. Weka chasisi juu ya stendi imara, toa gurudumu, kisha ondoa shokapu pamoja na koili yake ikiwa nzima: nati za juu, bolti ya chini. Usifungue nati ya katikati inayoshikilia koili. Ile springi imebanwa kwa nguvu ya kuua mtu. Shokapu ikishatoka, rudisha gurudumu, weka jeki chini ya mkono wa chini, na upandishe taratibu hadi mkono uguse bampustopa, huku ukiangalia mpira wa breki na waya wa ABS visivutike. Sasa kata usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Unachokiona hapo ndiyo nafasi halisi ya tairi katika siku yake mbaya kuliko zote. Pima pengo lililobaki kwa rula, mbele, nyuma na juu, na uandike.

Lenga pengo la kidole kimoja, mm 10 hadi 15. Chini ya hapo utasalimika kwenye lami, lakini ukiingia udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, matope yanajaza nafasi hiyo na kugeuka kuwa matofali ya kusagia bati.

Alaimenti kwanza, mengine baadaye

Lift inapunguza kasta. Kasta ni mlalo wa mhimili wa usukani ukilitazama gari kwa ubavu. Ikipungua, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga kwenye mwendo. Hii peke yake ni sababu ya kwenda kwenye mashine, lakini kuna faida nyingine: namna fundi anavyoirudisha kasta ndiyo inayoamua gurudumu likae mbele au nyuma ndani ya madigadi.

Mkono wa chini wa Hilux umeshikwa kwenye chasisi na bolti mbili za kemu kila upande, moja mbele na moja nyuma; ukizungusha kemu, mkono unasogea. Kemu ya mbele ikisukuma mkono kuelekea ndani ya gari na ya nyuma ikiusukuma kuelekea nje, ncha ya mkono inageukia mbele. Boljointi ya chini (kiungo cha mpira wa chuma kwenye ncha ya mkono) inasogea mbele, kasta inaongezeka, na gurudumu zima linaondoka kwenye bati la nyuma. Kwa hatua hii moja, bila kukata chochote, wengi wanamaliza mkwaruzo wa 265/70R17.

Sasa angalia mtego. Kasta inaweza pia kupatikana kwa kufunga mkono wa juu wa kubadilisha, ule unaovuta boljointi ya juu kurudi nyuma. Mkono huo una manufaa yake, hasa lift inapozidi inchi mbili. Lakini ukiutegemea peke yake, habu nayo inarudi nyuma kidogo, yaani unalikaribisha tairi kwenye bati unalotaka kulikwepa. Magari mawili yanaweza kutoa karatasi zenye kasta sawa, moja likigusa na jingine lisiguse. Kwa hiyo ongea na fundi hivi: "Nisogezee gurudumu mbele kwa kemu za chini kadiri inavyowezekana, kasta zilingane kulia na kushoto, halafu malizia kemba na too." Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele, too ni mwelekeo wa magurudumu ukiyatazama kwa juu. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Kabla hajalegeza, apige alama ya rangi kwenye kila kemu. Magari yaliyokaa pwani yana ugonjwa wake: bolti ya kemu inashikwa na kutu ndani ya bushi, haigeuki. Mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha husaidia mara nyingine. Ikikataa, bolti inakatwa na kununuliwa mpya pamoja na bushi, nayo ni gharama ya kuulizia mapema. Kukaza kwa mwisho kufanyike gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Bushi zikikazwa mikono ikining'inia, zinakaa zimejisokota na kupasuka upesi.

Ukirudi nyumbani, pima tena mbele na nyuma ya tairi usukani ukiwa mwisho. Gurudumu likisogezwa mno linaanza kula plastiki ya bampa. Afadhali ligawane nafasi, na likizidi lizidi mbele, kwa maana huko kuna plastiki tu.

Plastiki na madflapu

Sehemu hii haina falsafa. Madflapu za mbele zinagusa kwanza, ziondoe au zikate kona ya ndani. Ukiishi kwenye changarawe, zikate tu, usiziondoe, vinginevyo mawe yatakula rangi ya milango.

Plastiki ya ndani ya madigadi inashikwa na skrubu na klipu. Zing'oe kwa bisibisi bapa bila kuzivunja. Pale tairi linapogusa, ipashe moto kwa hita ya hewa mpaka ilainike, isukume nyuma kwa kipande cha mbao, ishikilie hadi ipoe. Ikikataa kukaa, ikate kwa kisu au mkasi wa bati, ukiacha kona za duara. Kona kali ndiko ufa unakoanzia. Usiitoe yote. Nyuma yake kuna waya, na mara nyingine mpira wa maji ya kuoshea kioo. Skrubu zilizobaki zifunge vichwa vikiwa vimelala kabisa, maana kichwa cha skrubu kikikutana na ubavu wa tairi kila siku, tairi ndilo linaloshindwa.

Mkwaruzo mwepesi kwenye plastiki, usukani ukiwa mwisho kabisa, unaweza kuuacha. Meno ya tairi jipya la matope yana kina cha mm 15 au zaidi. Yakilika, pengo linajitengeneza lenyewe.

Mshono wa bati nyuma ya gurudumu

Ukishatoa plastiki, utaona bati la chini la kebini lina ukingo uliosimama, pale karatasi mbili za bati zilipokutanishwa na kuchomelewa kiwandani. Ukingo huu ndio unaokata matairi ya 285. Una ncha, na ubavu wa tairi hauna pa kukimbilia.

Inua zulia la ndani ya kebini upande huo kwanza, uone kama kuna waya zimepita hapo. Tumia grinda ya diski nyembamba kukata ukingo kwa mipasuo midogo, kila sentimita mbili hivi, ukiishia kabla ya kufika kwenye bati lenyewe la kebini. Kisha laza vipande hivyo kimoja kimoja kwa nyundo nzito, kuelekea nyuma na mbali na tairi, mpaka vilale bapa. Usiukate wote ukautupa, kwa sababu huo ndio unaoshikilia bati mbili pamoja. Piga brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, ziba mipasuo kwa silanti ya bodi, subiri ikauke, paka rangi ya juu na umalizie kwa lami ya chini ya gari. Ukiruka silanti, msimu wa mvua maji yatakukuta miguuni.

Mauntingi ya bodi

Chini kidogo ya hapo kuna kikono cha chuma kilichotoka kwenye chasisi, juu yake kuna mpira na bolti inayobeba kebini. Kwenye 285, hasa zikiwa na rimu za ofseti ndogo, kona ya mbele ya kikono hiki ndiyo adui wa mwisho. Dawa yake ni kuikata kona hiyo na kuziba mdomo kwa bati jipya. Kazi hii hairudi nyuma, na inagusa kinachoshikilia kebini kwenye chasisi. Ifanywe na mchomeleaji unayemwamini, na iwe baada ya kumaliza yote ya juu na kupima tena.

Chomoa betri, kwa kuwa umeme wa kuchomelea ukipita kwenye kompyuta ya gari au ya mifuko ya hewa, hasara yake inazidi bei ya matairi. Tegemeza kebini kwa jeki na ubao mpana, fungua bolti, toa mpira wa mauntingi usije ukayeyuka. Chora mstari wa kukata kwa kufuata alama ya chaki, ukiacha chuma cha kutosha kuzunguka tundu la bolti. Kata kikono tu, usiguse boriti ya chasisi. Pima kipande cha bati la mm 4 hivi, kikae mlalo kuziba sehemu iliyo wazi, kichomelewe kuzunguka chote, kisagwe, kipakwe rangi ndani na nje. Kikono kilichoachwa wazi bila bati la kuziba kimepoteza nguvu yake, hata kama kinaonekana kimesimama. Fanya pande zote mbili sawa, na umjulishe mtu wa bima yako kwamba gari limebadilishwa.

Spesa, bampustopa na kupunguza kona

Spesa zinauzwa kama dawa ya kila mkwaruzo. Zinatibu mmoja tu: tairi linapogusa ndani, kwenye mkono wa juu au shokapu. Kama linagusa bampa au bati la nyuma, spesa inazidisha ugonjwa, kwa hesabu ileile ya ofseti. Ukiihitaji, chukua yenye bolti zake na inayokaa barabara kwenye kitovu cha habu. Zile pete nyembamba za kuchomeka zinapunguza nyuzi ambazo nati inazishika, na kufunga mbili juu ya nyingine ni kuchezea roho.

Kama jaribio la jeki limeonyesha tairi linagusa juu tu, springi ikiwa imebanwa hadi mwisho, weka kipande cha kurefusha bampustopa. Unapoteza kiasi cha mwendo wa sasupensheni na gari litagonga mapema kwenye matuta, lakini bati linasalimika.

Na kama linagusa usukani ukiwa mwisho kabisa tu, unaweza kupunguza kona. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye eksli nzima mbele kuna bolti ya kizuizi nyuma ya habu: legeza nati, itoe nyuzi kidogo, kaza. Hilux ina reki ya usukani, na huko inabidi kufungua tairodi ya ndani (fimbo inayosukuma gurudumu) kuweka washa maalumu, yaani pete ya chuma. Mimi siipendi njia hii kwa gari la mjini. Kugeuza Hilux ya milango minne kwenye kichochoro cha Gerezani, Dar es Salaam, ni shida tosha hata kona zake zikiwa kamili.

Nyuma

Springi za mabamba nyuma hazisumbui sana. Pakia mzigo wako wa kawaida, panda tuta kwa mshazari, utazame ukingo wa ndani wa madigadi. Mara nyingi panapogusa, kisababishi ni rimu za ET0 pamoja na mzigo, na ukingo huo unaweza kukunjwa ndani polepole kwa rola ya bodi, rangi ikiwa imepashwa moto isipasuke.

Kabla hujalilipia

Rudia majaribio yote matatu, safari hii tangi likiwa limejaa, watu ndani na mzigo nyuma. Endesha barabara ya vumbi yenye makorongo, funga breki kwa nguvu sehemu salama ili pua ya gari ishuke, kisha usikilize. Baada ya kilomita mia hivi, kaza tena nati za magurudumu na bolti ulizofungua, na uangalie mpira wa breki na mipira ya eksli kama kuna mahali inasuguliwa.

Spidomita sasa inadanganya. Kwa 285/70R17 badala ya 265/65R17, tofauti ni asilimia 7: inaposoma 50, hesabu ya tairi inasema unakaribia 54, na inaposoma 80 uko kama 86. Spidomita nyingi za kiwandani husoma juu kidogo, hivyo kosa halisi linaweza kuwa dogo kuliko hapo, lakini pima kwa GPS ya simu kabla tochi ya askari haijakupimia.

La mwisho ni tairi la akiba. Lishushe chini ya kitanda cha pikapu, jaribu kulipandisha la saizi mpya mahali pake, uone kama linakaa bila kugusa ekzosi na eksli ya nyuma. Lisipokaa, tafuta kibebeo cha juu ya kitanda. Akiba ya saizi ya zamani ikifungwa nyuma, difu (gia za eksli ya nyuma) inazungusha magurudumu yasiyolingana njia nzima, na ukitia 4x4 kwenye barabara ngumu ukiwa hivyo, transifa, gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, ndiyo itakayolipa.